Hojaji 200 au Mahojiano 15? Gharama ya Kujifunza Utafiti wa Menejimenti

Mwanafunzi wa uzamili katika menejimenti anapofika muhula wa kuandika pendekezo la utafiti, jambo la kwanza analowauliza wenzake ni hili: "Ipi rahisi, hojaji au mahojiano?" Swali hilo nimelisikia katika korido za vyuo vya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na miaka michache iliyopita nililiuliza mimi mwenyewe. Anayeogopa hesabu huambiwa akimbilie mahojiano. Mwenye kazi ya kutwa ofisini huambiwa agawe hojaji, azikusanye, kisha atafute mtu wa kumchambulia. Majibu yote mawili yana bei, na bei hiyo haimo kwenye karatasi ya ada.

Mimi nililipia muhula mzima. Niligawa hojaji, nikazikusanya, halafu data nikampelekea mtu aliyekuwa amebandika tangazo kwenye stationari moja karibu na chuo. Nilimlipa shilingi 250,000. Siku tatu baadaye alinirudishia majedwali 14 yaliyopangwa vizuri. Siku ya utetezi, mtahini aliweka kidole kwenye jedwali la tisa akaniuliza kwa nini kigezo kimoja kina alama ya kutoa ilhali maelezo yangu yanasema kinaongeza uwajibikaji kazini. Sikuwa na jibu. Nilirudishwa kurekebisha, nikalipa ada ya kuendelea na masomo, na ile 250,000 ikawa sehemu ndogo ya hasara. Tangu hapo ninaandika katika daftari bei ya kila kitu kinachohusu kujifunza utafiti. Bei za kuchapa na za kulala ninazotaja hapa ni nilizolipa mimi. Aliye Mwanza au Mbeya aweke za kwake.

Ili tulinganishe vinavyolingana, tuchukue swali moja. Tuseme kuna taasisi ya mikopo midogo yenye maofisa mikopo 400 katika matawi ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Kila mwaka wengi wao wanaacha kazi, na mwanafunzi anataka kujua sababu. Taasisi ni ya mfano, lakini shida hiyo wanaijua mameneja wengi wa rasilimali watu.

Tuanze na mkabala wa kitakwimu, yaani wa hojaji. Kwa kanuni ya Yamane, ambayo karibu kila tasnifu ya biashara hapa kwetu huitumia, watu 400 na kiwango cha makosa cha asilimia 5 vinatoa sampuli ya watu 200. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 linatoa 196, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi. Lakini anayehitaji hojaji 200 zilizojazwa hachapi 200. Wapo watakaozipoteza, wapo watakaoziacha nusu. Chapa 250. Hojaji ya kurasa 5, kwa shilingi 100 kila ukurasa, ni shilingi 125,000.

Kisha nauli. Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024, daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro lilikuwa shilingi 13,000, na hadi Dodoma shilingi 31,000. Kwenda na kurudi miji yote miwili, kila mmoja kwa safari yake, ni 88,000. Hojaji za karatasi zinadai safari mbili, ya kupeleka na ya kufuata, hivyo nauli inafika 176,000. Hapo ndipo wengi hubana matumizi kwa kumwomba meneja wa tawi azigawe na kuzikusanya kwa niaba yao. Ni akiba ya gharama kubwa. Ofisa mikopo anayejua kwamba karatasi itapita mezani kwa bosi hataandika kwamba anafikiria kuondoka, wala hataandika kwamba anatishwa kwa sababu ya wateja wasiolipa. Utapata data safi isiyo na ukweli. Ukishindwa kabisa kusafiri mara mbili, weka kila hojaji katika bahasha inayofungwa, na uache sanduku lenye kufuli.

Baada ya kukusanya, kuna kuingiza data. Hojaji yenye majibu 45, mara 200, ni majibu 9,000 ya kupigwa kwenye kompyuta. Kwa dakika 10 kila hojaji, ni zaidi ya saa 33, na katika saa ya ishirini na kitu mtu huanza kuandika 44 alipotaka kuandika 4. Dawa yake ipo na haina ada: KoboToolbox, mfumo uliotokana na kazi za dharura za kibinadamu katika Chuo Kikuu cha Harvard, una mpango wa bure. Fomu hujazwa kwenye simu ya Android hata pasipo mtandao, na majibu hutumwa mtandao ukipatikana. Unaweza pia kuizuia fomu isikubali 44 pale inapotakiwa 1 hadi 5. Kwa njia hii hakuna kuchapa, hakuna kuingiza, na safari ya pili inaweza kufutika. Google Forms nayo ni ya bure, ila kiungo kilichorushwa kwenye kundi la WhatsApp hujazwa na rafiki zako na wenye bando. Hiyo si sampuli nasibu, na msimamizi makini atakuambia hivyo.

Gharama ambayo sijawahi kuiona kwenye bajeti ya mwanafunzi ni ya lugha. Vipimo vya kuridhika na kazi, motisha, au nia ya kuacha kazi karibu vyote vimetungwa kwa Kiingereza, vingi Marekani. Ukivitafsiri usiku mmoja, vitakuadhibu. Nilipokwenda kujaribu hojaji yangu, nilikuwa nimeandika sentensi kuhusu motisha nikiwa na maana ya msukumo wa ndani wa mtu kuipenda kazi yake. Watu 7 kati ya 10 walijibu kuhusu posho. Kwa mfanyakazi wa Tanzania, "kupewa motisha" ni kupewa kitu mkononi, mara nyingi fedha. Wao walikuwa sahihi. Sentensi yangu ndiyo iliyokuwa na kosa. Njia inayokubalika ni mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona asilia airudishe kwenye Kiingereza, kisha mlinganishe. Kwa marafiki wawili na chai, gharama ni ndogo. Ukiiruka, utagundua kosa wakati alfa ya Cronbach, kipimo cha mwaka 1951 kinachoonyesha kama maswali ya kundi moja yanakwenda pamoja, inapotoka 0.4 wakati msimamizi anatarajia angalau 0.7. Kufikia hapo hojaji 200 zimeshajazwa.

Sasa mkabala wa kimaelezo, yaani wa mahojiano. Watu wangapi wa kuhojiwa? Hapa wanafunzi hurushiana namba bila kujua zilikotoka. Mwaka 2006 Guest, Bunce na Johnson walichapisha uchunguzi wa mahojiano 60 waliyoyafanya na wanawake wa Ghana na Nigeria. Waliona kwamba mambo mapya yalikwisha kujitokeza karibu yote katika mahojiano 12 ya mwanzo. Ndipo 12 ikawa namba ya kila mtu. Wanaoinukuu husahau sharti lake, kwamba wahojiwa wanafanana na swali halijatawanyika. Ukiwachanganya maofisa mikopo, mameneja wa matawi na watu walioacha kazi, hayo ni makundi matatu, na 12 haitatosha kwa yote. Kwa swali letu, tuseme maofisa mikopo 15, watano kila mji.

Kwa fedha taslimu, mahojiano hayo yanagharimu nauli ya safari moja kila mji, 88,000. Kulala siku tatu kwa shilingi 30,000, jumla 90,000. Na tuweke 60,000 kwa bodaboda, chakula na soda ya mhojiwa. Jumla ni 238,000. Hojaji za karatasi zilifika 301,000 kabla hujala chochote. Wanaosema mahojiano ni ghali kwa fedha hawajakaa na kalamu.

Ughali wake ni wa saa. Kunukuu mazungumzo ya saa moja, neno kwa neno, humchukua mtu asiye na uzoefu saa nne hadi sita. Tuweke tano: mahojiano 15 ni saa 75. Kama unarudi kutoka kazini, unafika nyumbani kwa daladala saa mbili usiku na kupata saa mbili kabla ya kulala, hizo ni siku 38 za kusikiliza sauti hiyo hiyo ikirudiarudia. Utapata kurasa zaidi ya 300. Baada ya hapo ndipo uchambuzi unaanza: kusoma tena, kuweka alama, kukusanya alama katika dhamira, kuzivunja na kuzipanga upya. Wengi hutaja Braun na Clarke wa mwaka 2006 kama mwongozo wa uchambuzi wa dhamira, wakati makala yenyewe hawajaisoma. Isome. Ndiyo itakayokuonyesha kwamba kuorodhesha "changamoto" tano zilizotajwa na wahojiwa bado si uchambuzi.

Kuna programu zinazonukuu sauti zenyewe. Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, inakubali Kiswahili na inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta yako bila kupeleka sauti popote. Nimeijaribu. Kwa mtu anayesema taratibu kama msoma taarifa, inasaidia. Kwa ofisa mikopo anayechanganya Kiswahili, Kiingereza cha ofisini na maneno ya mtaani huku feni ikivuma, inakosea majina, namba na hata maana. Bado utasikiliza kila dakika na kusahihisha, ila saa tano zinaweza kushuka. Usipakie sauti za watu kwenye tovuti usizozijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ofisa aliyekuambia siri ya meneja wake amekukabidhi riziki yake.

Lugha inagharimu upande huu pia. Mahojiano ni ya Kiswahili, tasnifu ya menejimenti karibu kila mahali ni ya Kiingereza. Nimewaona wanafunzi wakitafsiri kurasa zote 300, kisha wakachambua tafsiri. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, na inaua data. "Nimechoka" na "nimechokwa" ni mambo mawili tofauti katika maisha ya mfanyakazi, na Kiingereza cha haraka kitayafanya yote uchovu. Chambua kwa Kiswahili. Tafsiri yale maneno 40 au 50 tu ya wahojiwa utakayoyanukuu.

Gharama zikishawekwa hivyo mezani, turudi kwenye swali. Maofisa mikopo wanaacha kazi kwa nini? Angalia orodha ya watu 400 uliyochukulia sampuli: wote bado wako kazini. Walioacha, ambao ndio wenye jibu, hawamo. Hojaji nzuri kwa waliobaki itakuambia nani anafikiria kuondoka, na kama mshahara unauzidi mzigo wa kazi kwa uzito katika fikra hiyo. Hilo ni jambo la maana kwa menejimenti. Lakini aliyekwisha kuondoka utampata kwa kuomba namba ya simu, kumpigia, na kumsikiliza. Kwa hiyo anayetaka kupima ukubwa wa jambo linalojulikana atumie fedha zake kwenye hojaji. Anayetaka kulijua jambo ambalo menejimenti yenyewe haijalielewa azitumie kwenye mahojiano, na angalau nusu ya wahojiwa wake wawe walioacha.

Elimu ya menejimenti yenyewe imejengwa kwa mikono hiyo miwili. Geert Hofstede alitumia hojaji zaidi ya 100,000 za wafanyakazi wa IBM, zilizokusanywa kati ya 1967 na 1973, kueleza tofauti za tamaduni kazini. Henry Mintzberg alikaa na wakuu watano wa taasisi, wiki moja kila mmoja, akaandika walichokifanya, na kitabu chake cha 1973 kikabadilisha jinsi tunavyoielewa kazi ya meneja: vipande vifupi vifupi vya shughuli, vinavyokatizwa kila saa. Watano tu. Hakuna anayemuuliza Mintzberg mbona sampuli ndogo.

Na hizo hojaji zaidi ya 100,000? Mwanafunzi wa Tanzania anapaswa kujua kilichotupata ndani yake. Majibu ya kutoka huku yalikuwa machache, hivyo Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia zikaunganishwa kuwa "Afrika Mashariki", zikapewa alama moja. Nimesoma tasnifu za hapa nchini zinazotaja alama ile kama tabia ya Mtanzania. Alama moja ya Addis Ababa, Nairobi, Lusaka na Dar es Salaam, kutoka kwa wafanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta, miaka hamsini iliyopita! Kujifunza takwimu vizuri kunakupa uwezo wa kuuliza namba ilikotoka, na kwangu hiyo ndiyo faida yake ya kwanza.

Kuhusu programu za kompyuta nitakwenda haraka, kwa sababu ndiko wanafunzi wanakotumia muda mwingi wa maswali na ndiko kwenye jibu jepesi. SPSS ndiyo inayofundishwa zaidi vyuoni kwetu. Kwa mtu binafsi asiye mwanafunzi imekuwa ikitangazwa kwa karibu dola 100 kwa mwezi. Leseni za wanafunzi ni nafuu zaidi lakini zina mwisho. Stata ni nzuri kwa wanaoelekea uchumi na fedha, nayo ina leseni ya mwanafunzi ya muda maalumu. Kuna nakala zilizovunjwa kufuli zinazopitishwa kwa flashi kutoka chumba hadi chumba hosteli. Ni wizi, na mara nyingi huja na virusi vitakavyokula tasnifu wiki moja kabla ya kuwasilisha. Hakuna sababu ya kuzigusa. Jamovi na JASP, hii ya pili ikitoka Chuo Kikuu cha Amsterdam, ni za bure, zina menyu za kubofya zinazofanana na za SPSS, na zinafanya kila jaribio ambalo tasnifu ya kawaida ya uzamili inalihitaji. R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland miaka ya 1990, pia ni ya bure na haina mwisho wa uwezo, ila inadai uandike amri. Anayewazia uzamivu aanze nayo mapema. Anayetaka kumaliza uzamili na kurudi kazini atumie jamovi.

Upande wa mahojiano kuna NVivo, ATLAS.ti na MAXQDA. Zote ni za kulipia, na zote zina muda mfupi wa kujaribu bure. Hazichambui kwa niaba yako. Zinatunza alama ulizoweka wewe. Kwa mahojiano 15, Taguette au QualCoder, ambazo ni za bure, zinatosha. Hata karatasi zilizochapwa na kalamu za rangi nne zinatosha. Nilimwona mama mmoja, mwanafunzi mwenzangu, akitandaza vipande vya karatasi kwenye mkeka sebuleni na kuvipanga kwa dhamira. Watahini walimpongeza kwa sura ya nne.

Shule yenyewe ya kujifunzia utafiti ni ya aina kadhaa. Ya kwanza umeshailipia: somo la mbinu za utafiti ndani ya programu yako. Wengi wetu tulilichukulia kama somo la kufaulu, tukakariri aina za sampuli, tukasahau. Ingia darasani ukiwa na swali lako la utafiti, hata kama bado halijaiva, na kila mada uihusishe nalo. Hii haina gharama ya ziada, na sijaona njia nyingine inayorudisha zaidi.

Ya pili ni warsha za siku mbili hadi tano, katika vyuo au kumbi za hoteli. Ada hutofautiana sana kulingana na ukumbi, chakula na cheti. Nimehudhuria tatu. Mbili nilizokwenda bila data yangu ziliniachia begi la kitambaa na cheti. Moja niliyokwenda na data yangu kwenye kompyuta iliniokolea mwezi. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: je, nitafanyia kazi data yangu mwenyewe, na washiriki ni wangapi kwa kila mkufunzi? Wakizidi 15, usilipe.

Ya tatu ni kozi za mtandaoni. Chuo Kikuu cha Amsterdam kina mfululizo wa kozi kwenye Coursera unaofundisha mikabala yote miwili, takwimu za msingi pamoja na mbinu za kimaelezo, na mwanafunzi asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa ada. Gharama halisi kwetu ni bando. Pakua video usiku bando likiwa nafuu, au tumia mtandao wa chuo, na usome maandishi ya video pale ambapo picha si lazima. Mifano yao ni ya Ulaya, kwa hiyo usiku huohuo andika mfano wa kwako kutoka ofisi unayoijua.

Ya nne ni vitabu. Kwenye rafu za wanafunzi wa Afrika Mashariki utakuta Kothari, chapa ya India, na Mugenda na Mugenda kutoka Nairobi. Vyote vimetusaidia wengi, lakini ukurasa mmoja wa Kothari kuhusu aina za utafiti umenukuliwa kwenye tasnifu hadi umechakaa. Saunders, Lewis na Thornhill wameandika mahsusi kwa wanafunzi wa biashara, na kitabu chao ndicho ningekushauri ukikipata maktaba. Kipya ni ghali. Cha bure kabisa, na kwa halali, ni kile cha Anol Bhattacherjee wa Chuo Kikuu cha South Florida, kilichotolewa mwaka 2012. Kimeandikwa na mtu wa shule ya biashara, ni kifupi, na kinaeleza mikabala yote miwili. Kwa takwimu za jamovi, Danielle Navarro na David Foxcroft wametoa kitabu kizima bila malipo. Kabla hujanunua chochote, soma hivi viwili.

Iko pia njia ambayo wanafunzi wa menejimenti huisahau, ya kutumia data zilizokwisha kukusanywa. Kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hutoa taarifa za mwaka kwa umma. Benki ya Dunia ilihoji makampuni ya Tanzania katika uchunguzi wake wa 2006 na tena 2013, na data hizo hupatikana kwa kujiandikisha. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo ina uchunguzi wa kaya unaofuatilia familia zilezile tangu 2008. Anayeuliza kuhusu mtaji, ukubwa wa biashara au matumizi ya mikopo anaweza kumaliza utafiti wake bila kuchapa hata karatasi moja. Swali la maofisa mikopo halitajibiwa humo, na ndiyo maana tumepanda treni.

Kibali nacho kina muda wake. Barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, na kwa taasisi binafsi inasubiri makao makuu. Kwa mikoa mitatu, anza miezi miwili kabla. Barua haina bei kubwa, lakini imewachelewesha wengi kuliko takwimu.

Nikipewa leo shilingi 500,000 na swali letu la maofisa mikopo, ningezigawa hivi. Shilingi 40,000 kwa kujaribu maswali kwa watu 10 na kuyarekebisha. Bando, 60,000. Safari, kulala na simu za kuwatafuta walioacha kazi, 250,000. Shilingi 100,000 kwa mtu anayejua uchambuzi, ila akae pembeni yangu kwa saa nne nikichambua mwenyewe, na asiondoke na data yangu. Shilingi 50,000 zilizobaki zingekaa benki hadi siku ya utetezi, kwa sababu daima kuna mhojiwa mmoja wa kumrudia. Ningefanya mahojiano 15, nane kati yake na watu walioacha, kisha kama muda ungebaki ningetuma fomu fupi ya Kobo kwa maofisa walioko kazini. Programu na vitabu visingepata hata senti moja. Na kwa yule mwenye tangazo kwenye stationari, msomaji wangu, pita moja kwa moja.